Kisanduku cha Vienna Hakirudi Kitupu

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Mama yangu alikuwa akichora alama ya kidole juu ya unga kabla ya kufunika debe, na akirudi sokoni alilitazama debe kwanza, ndipo akatutazama sisi watoto. Tulikuwa wakimbizi wa Burundi katika kambi huko Kigoma, na kambini asiyeshuku hulala njaa. Tabia hiyo nimekuja nayo mpaka Hallonbergen, hapa Sweden, ghorofa ya tano, ambako hakuna mtu anayeutamani unga wangu. Bado nikitoka chumba cha kufulia cha jengo letu huhesabu soksi.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya hemtjänst, yaani ile ya kuzunguka majumbani mwa wazee kuwaogesha, kuwapashia chakula na kuwapa dawa zao, niliingia nimekaza mkanda. Nilipewa miezi sita ya majaribio. Ikiisha, ama mkataba wa kudumu, ama asante na kwaheri. Mkataba ule niliutaka kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu nyumba niliyokaa na wanangu wawili haikuwa kwa jina letu. Tuliishi kwa fadhili ya mtu aliyeweza kuitaka nyumba yake wakati wowote, na bila kazi ya kudumu hakuna mwenye nyumba aliyekuwa tayari hata kuisoma barua yangu.

Mzee wangu wa Jumanne alikuwa mwanamke wa miaka tisini na ushei. Aliishi peke yake katikati ya mji, kwenye nyumba ya vyumba sita, na kila ukuta ulikuwa na picha za mababu waliokunja sura. Ukoo wao ni wa kimwinyi, wenye ngao yake na jina la kutamkia puani. Wasweden huitana kwa jina tupu, mkubwa kwa mdogo, hata waziri anaitwa hivyo, lakini ulimi wangu ulikataa kumwita mtu wa umri ule kama ninavyomwita mwanangu. Nikamwita Bibi. Akaniuliza maana yake, nikamwambia ni mama wa mzazi wako, na pia ni mwanamke wa heshima.

Akafikiri kidogo. "Nazichukua zote mbili," akasema.

Macho yake yalikuwa yamekwisha, aliona mwanga na vivuli tu. Baada ya kifungua kinywa na dawa, kazi yangu ilikuwa kumsomea kwa nusu saa. Hakutaka gazeti. Alitaka shajara ya bibi wa mama yake, binti wa kimwinyi aliyesafiri Ulaya akiwa na miaka kumi na tisa, katika karne ile ya kumi na tisa, pamoja na shangazi yake na mtumishi mmoja wa kike. Lilikuwa daftari nene la ngozi, mwandiko umelala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo. Majuma ya kwanza nilikwama kila mstari, na Bibi alinisaidia kukisia. Mara nyingi alilitaja neno kabla sijafika katikati yake. Nilidhani ni akili nyingi tu, na wala sikulitilia maanani, mimi niliyejiita hodari wa kushuku.

Safari yenyewe ilinipendeza mwanzoni. Walitoka Stockholm kwa meli ya mvuke, shangazi akatapika mpaka Ujerumani. Huko Berlin kitanda kilikuwa kifupi na mto ulikuwa mkubwa kuliko kitanda. Kahawa ya Dresden, aliandika, ni maji yaliyoonyeshwa kahawa kwa mbali. Nilicheka kwa sauti, Bibi naye akacheka, na nikafikiri huyu msichana angekaa vizuri na wanawake wa kanisani kwetu, maana nao hakuna chai waliyowahi kuisifu.

Kisha akaanza habari za mtumishi wake. Hakuwahi kumtaja kwa jina. Alimwandika "msichana wangu" tu, na kila siku alimwona mwizi. Alipiga alama ya penseli kwenye chupa ya marashi. Alitega unywele mmoja kwenye mfuniko wa sanduku, ili ukianguka ajue limefunguliwa. Aliandika kwamba msichana wake ananuka moshi, kwamba watu wa aina yake huiba kama panya wanavyokula, bila hata kuwa na njaa. Nami nilikuwa nimepiga magoti miezi yote hiyo nikisugua miguu ya watu, na sasa nikae kwenye kiti cha watu nikiyatamka hayo kwa kinywa changu!

Nikaanza kuruka. Mstari mmoja Berlin, mistari mitatu njiani. Siku ya Dresden ilikuwa na tusi la ukurasa mzima, nikaliruka lote, na ili pengo lisionekane nikatunga: "Leo mvua imenyesha kutwa, hatukutoka."

"Mvua?" akauliza Bibi. "Dresden?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bibi."

Akatabasamu akiwa ametazama dirishani, nami nikaendelea na ukurasa uliofuata.

Tangu hapo nikawa nashuku kila kitu cha nyumba ile. Jumanne moja nikakuta pete kwenye kisahani cha sabuni. Jumanne nyingine vijiko vya fedha vilikuwa mezani, vinne, wakati Bibi hunywa uji kwa kijiko cha kawaida. Nikasema moyoni, haya, huo ni unywele kwenye sanduku. Nikaanza kutundika mkoba wangu mlangoni ukiwa wazi, mdomo umetazama juu, kila kilichomo kikionekana. Vile vijiko sikuvigusa hata kuvifuta, na pete niliipita nikiwa nimeikunja mikono nyuma.

Tukafika Vienna, na huko hereni ya binti ikapotea. Zilikuwa mbili za marijani, urithi wa marehemu mama yake, na moja haikuonekana. Hakuuliza mara mbili. Msichana wake akafukuzwa palepale, majira ya baridi, mji wa watu, tena bila barua. Bibi alinieleza maana ya barua hiyo: mtumishi wa zamani aliondoka na karatasi ya bwana wake inayosema alikuwa na tabia njema, na bila karatasi hiyo hakuna nyumba iliyomfungulia mlango. Siku tatu baadaye binti akaingia dukani akajinunulia kisanduku cha fedha cha kuwekea peremende, ili, aliandika, ajifariji.

Kisanduku hicho nilikijua. Kilikaa kwenye rafu juu ya redio, na kila Jumanne nilipita karibu nacho.

"Endelea na Venisi," akasema Bibi siku ile. Lakini baada ya Vienna kulikuwa na kurasa nne zilizobanwa pamoja kwa pini yenye kutu. Nilipomwambia, uso wake ulibadilika.

"Hizo huwa hatusomi. Ni homa ya shangazi tu, zinachosha."

Homa ya shangazi ndiyo itiwe pini? Sikuamini hata kidogo.

Juma lililofuata, nikiwa navaa koti, Bibi aliniita jikoni. Mwanawe alikuwa amemletea mikate midogo ya iliki, naye hakuweza kuimaliza. "Wapelekee watoto," akasema, na kwa vidole vyake vya kupapasa akaitia mikate sita ndani ya kile kisanduku cha Vienna. "Utakirudisha."

Droo ilikuwa imejaa mifuko ya plastiki, niliijua, niliikunja mimi mwenyewe. Kwa nini fedha? Tena sheria ya kazi inasema tusipokee kitu. Lakini kukataa chakula kutoka mkononi mwa mtu mzima, kwetu ni sawa na kumtemea. Nilipokea kwa mikono miwili, nikashuka ngazi nikijiambia kwamba huo ni mtego na kwamba mimi ni mjinga, na yote mawili yalikuwa kweli.

Kukirudisha kesho yake ilikuwa rahisi, njia yangu hupita pale. Kilichonishinda ni kukirudisha kitupu. Mimi nimelelewa kwamba chombo cha jirani kikija na kitu hurudi na kitu, hata viazi viwili, hata ndimu. Mkono mtupu haulambwi. Mama yangu kambini alikaa na bakuli la mtu siku tisa akingoja mgao, kuliko kumrudishia hewa. Nikaazimia kuweka mandazi. Alhamisi nilifanya kazi mpaka jioni. Jumamosi nilikuwa Jordbro, kwenye ghala ninakopanga bidhaa siku za ziada. Jumapili baada ya kanisa nikakanda, nikakaanga, yakatoka mabichi katikati. Sikuwa tayari kumpelekea mwinyi mandazi yenye unga ndani. Watoto wakayala hivyohivyo, na kisanduku kikabaki juu ya friji langu kikingoja.

Jumatatu mchana simu ya kazi ikalia. Alikuwa msimamizi wangu.

"Kuna kisanduku cha fedha kimepotea kwa mteja wako wa Jumanne," akasema. "Mwanawe alikuja Ijumaa akaona hakipo. Unajua chochote?"

"Hakijapotea," nikasema. "Kiko kwangu."

"Kiko kwako?"

"Alinipa mwenyewe, na mikate."

"Mama huyo ameulizwa, amesema hakumbuki. Kirudishe leo."

"Leo siwezi," nikamjibu, na Mungu ndiye shahidi wangu kwamba niliona ni jibu la heshima. "Hakijawa tayari."

"Hakijawa tayari," akarudia polepole, na nikasikia akiandika kwenye kompyuta. Kisha akaniambia nifike kesho saa tatu na hicho kisanduku, mwanawe atakuwepo, na kwamba baada ya hapo tutazungumza kuhusu majaribio yangu.

Nilishuka ghorofa ya tatu kwa jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu ambaye tunaimba naye kwaya. Nikamweleza yote, hata lile jibu. Akashika kichwa.

"Ulimwambia 'hakijawa tayari'? Weye mama, uko na akili kweli? Ile ni kukamatwa na kitu mu mukono! Rudisha ile boîte leo, tupu! Hawa bazungu hawajue mambo ya kurudisha sahani na kitu."

"Na ingekuwa ni wewe?"

Akatazama pembeni. "Mie? Bon... mie ningetia mo hata chumvi."

Basi saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimesimama mbele ya mafuta ya moto. Niliuona mkataba wa kudumu ukichanika, niliwaona wanangu wakibeba magodoro kutoka kwenye nyumba ya watu. Adhaniwaye ndiye kumbe siye, husema hivyo wahenga, lakini hawakusema nani atampa kazi huyo siye wakati akidhaniwa. Safari hii mandazi yaliumuka vizuri. Nikapanga manane ndani ya kisanduku, nikafunika, nikapanda metro nimekipakata mapajani.

Mwanawe alifungua mlango mwenyewe. Ni mtu mzima, mstaafu, anaishi Upplands Väsby, na nilikwisha kupishana naye mlangoni mara nne au tano. Alikuwa bado na koti. Alikichukua kisanduku mkononi mwangu kabla sijasalimu, akakifungua, na harufu ya iliki ikampiga usoni. Hakuelewa. Akaanza kuyainua mandazi moja moja kwa ncha ya kidole, akichungulia chini yake, kama vile nimeficha kitu kingine humo. Nilitamani kumzaba kofi. Nasema kweli, mkono uliniwasha.

"Nilimpa mimi," ikasema sauti kutoka kwenye kiti cha dirishani.

"Mama, Ijumaa ulisema hukumbuki."

"Nilisema hivyo."

"Ulikuwa umesahau?"

"Sikusahau." Bibi akageuza uso kuelekea nilipokuwa nimesimama. "Nilitaka kuona kama kitarudi. Dresden haikunyesha mvua. Siku ile kulikuwa na jua, wakaenda kwa gari la farasi mpaka mtoni. Daftari hilo nalijua kwa moyo tangu nikiwa na miaka kumi. Kila ulichoruka nilikisikia. Nikawaza, mtu anayeniibia mistari, huenda na vijiko ataiba. Vijiko hukugusa. Ndipo nikakupa kisanduku, na siku zikapita saba."

Hasira na aibu vilinijia pamoja, sikujua nianze na ipi. Kumbe pete ilikuwa mtego kweli. Kumbe na mimi nilikuwa mwizi kweli, wa kitu ambacho sikujua kina mwenyewe.

"Bibi, umeiweka kazi yangu hatarini kwa sababu ya mvua?"

"Ndiyo. Nilifanya vibaya. Na wewe kwa nini uliruka?"

"Kwa sababu yalikuwa matusi."

"Hakukutukana wewe."

"Mdomo ulikuwa wangu," nikamwambia.

Mwanawe alikuwa ameshika ndazi bila kujijua, mafuta yamemwingia vidoleni. Kisha Bibi akanyoosha mkono, akataka daftari, akapapasa mpaka akaifikia ile pini. Ilimchukua muda kuichomoa kwa vidole vile, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Aliponirudishia daftari, kurasa nne zilikuwa zimeachana, na tundu mbili ndogo za kutu kwenye kila moja.

"Soma yote," akasema.

Nikasoma nikiwa nimesimama. Ilikuwa Venisi. Homa ya shangazi ilikuwepo, mistari miwili tu. Halafu: "Nimeipata hereni yangu ya marijani. Ilikuwa imeingia ndani ya bitana ya mfuko wangu wa manyoya, ule ninaotia mikono nikitembea. Nimefurahi kupita kiasi. Mvua. Jioni tunakwenda opera." Kurasa zilizobaki zilikuwa za opera, nani alikaa na nani, gauni la nani lilikuwa la mwaka jana. Nikatafuta mpaka mwisho wa ukurasa wa nne. Msichana wake hakutajwa tena. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini aliyelipa ni yule aliyeachwa Vienna kwenye baridi.

"Hakumwandikia?" nikauliza.

"Hakumwandikia," akasema Bibi. "Mama yangu ndiye aliyetia pini. Alisema hayo si ya kusomewa watu. Nami nikaiacha hapo."

Mwanawe akakohoa. Akarudisha ndazi ndani ya kisanduku, akajifuta vidole kwa leso, akasema kwa sauti ya mtu mwema kwamba basi, kisanduku kimeonekana, jambo limekwisha, tusahau. Akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Hapana," nikasema.

Nilishangaa mwenyewe jinsi sauti ilivyotoka. Nikamwambia kwamba malalamiko yake yameandikwa kwenye kompyuta ya kazini kwangu, nimeyasikia yakiandikwa, na hayatasahauliwa kwa sababu yeye amesahau. Nikamwambia kisanduku hakikuonekana kwa kuwa hakikupotea. Anipe barua. Aandike hapahapa, mbele ya mama yake, kwamba nilipewa, kwamba nimerudisha, na kwamba nilishukiwa bila kosa. Nikaenda kusimama mlangoni, na njia ya kutoka ilikuwa hiyohiyo moja.

"Karatasi iko kwenye meza ya baba yako," Bibi akamwambia. "Kaa uandike."

Akakaa. Akavua hata kofia. Aliandika tarehe, akaandika anwani, akaandika sentensi ya kwanza nusu, kisha kalamu ikasimama. Akainua uso kunitazama. Miezi mitano nilikuwa nimeingia nyumba ile na beji kifuani, ni yeye aliyepiga simu kunishtaki, na sasa masikio yalikuwa yamemwiva mekundu.

"Samahani," akasema. "Jina lako ni nani?"

Nikamtajia polepole, herufi moja moja, nikasimama nyuma ya kiti chake mpaka akamaliza kuliandika.